Nyumba za mawe za Amu: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya tumeyaokota hapa Amu, yaani Lamu, barazani, Mkunguni mbele ya Ngome, na kwenye simu za jamaa walioko Mombasa na ng'ambo ambao nyumba ya babu imewashinda. Mengine ni ya wageni wanaoshuka kwenye jeti ya boti wakiwa wamekwisha kuamua kununua. Kama huna muda wa kusoma yote, soma la saruji na la mirathi. Nyumba nyingi zinafia hapo.

## Mambo ya mwanzo

Mtu akisema "mji wa kale wa Lamu" anakusudia wapi hasa?

Si kisiwa kizima, na kijiji cha Shela hakimo. Ni ule mji wa mawe uliojipanga ukingoni mwa bahari ukitazamana na kisiwa cha Manda, eneo la hekta 16 hivi. Kaskazini ni Mkomani, penye nyumba nyingi za mawe za zamani. Kusini ni Langoni, ambako nyumba za makuti na za mawe huchanganyika. Katikati inapita Usita wa Mui, njia kuu inayokwenda sambamba na pwani. Hapo punda mwenye mzigo na mama mwenye kikapu hupishana kwa adabu, na mwenye kukosa adabu kwa kawaida si punda.

Serikali ya Kenya iliutangaza mji huu kuwa turathi ya kitaifa mwaka 1986, na UNESCO ikauingiza katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001. Watu walikuwa wakiishi humo karne nyingi kabla ya vyeti hivyo. Msikiti wa Pwani, ulio karibu na Ngome, ni wa mwaka 1370. Ngome yenyewe ilijengwa baada ya vita vya Shela, ikakamilika mwaka 1821, na baadaye ikawa jela hadi miaka ya 1980.

Nyumba ya mawe ya Kiamu imejengwa kwa nini?

Kwa mawe ya matumbawe, chokaa, na miti ya mikoko. Mawe ya kuta ni yale ya kuchimbwa, na mengi hutoka Maweni, kule Manda. Kwa kazi laini kama vidaka na nakshi za ukutani walitumia matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi. Jiwe la namna hiyo huchongeka likiwa na maji, kisha likikauka hukaza.

Juu ya kuta hulazwa boriti, juu ya boriti hupangwa mawe, kisha pale juu husakifiwa kwa kokoto na chokaa. Sakafu moja inaweza kupita unene wa futi moja, na ndiyo maana mchana wa kaskazi, Usita wa Mui ukiwaka moto, ndani ya nyumba unaweza kulala bila feni. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ukiingia nyumba yoyote ya zamani utaona vyumba ni virefu na vyembamba, kama mita mbili na nusu hadi tatu kwa upana. Fundi hakupenda vyembamba. Mti ulikuwa umeishia hapo.

Majina ya vyumba yananichanganya. Daka, tekani, msana, ni nini?

Twende pamoja kutoka njiani. Daka ni ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza mbili za mawe, na mgeni asiyejulikana huishia hapo. Ukivuka mlango uko tekani, njia yenye kona. Ile kona imewekwa makusudi, ili mlango ukiwa wazi mpita njia asione ndani. Kisha unatokea kiwanda. Usicheke, hakuna mashine. Kiwanda ni ua wa ndani usioezekwa, na mwanga na hewa ya nyumba nzima hupatikana hapo. Pembeni huenda pakawa na sabule, chumba cha mgeni wa kiume anayelala, chenye njia yake ili asipishane na wenyeji.

Kutoka kiwandani unapanda kidogo kuingia msana wa tini, unapanda tena kidogo msana wa yuu, kisha ndani. Kila hatua sakafu inainuka, na kila hatua watu wanaoruhusiwa wanapungua. Ndani ni chumba cha mama mwenye nyumba, na ukutani ndipo penye zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vilivyokatwa kwenye lipu, ambamo sahani na mabakuli ya Kichina yalipangwa. Nyuma kabisa kuna nyumba kaa, chumba kidogo kilichotumika kwa uzazi na kwa kuosha maiti.

Chooni usikose kutazama birika. Kwenye sakafu ya birika la zamani hujengewa bakuli la kaure, na ndani ya birika hufugwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua, samaki hujikusanya kwenye bakuli wakisubiri maji mapya. Nimewaona watalii wakipiga picha mlango wa nakshi nusu saa nzima wakapita birika bila kuangalia, na kwangu mimi birika ndilo lenye akili zaidi.

Naweza kuona nyumba hizi bila kubisha kwa mtu?

Ndiyo. Mkomani kuna nyumba ya karne ya 18 ambayo Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yameikarabati na kuiwekea samani za zamani. Ulizia nyumba ya makumbusho, mtoto yeyote atakupeleka. Makumbusho ya Lamu yenyewe yako pwani, kwenye jengo la kibarazani la mwishoni mwa karne ya 19. Nyumba za watu ni za watu. Ukialikwa, piga hodi, vua viatu, na usipite msana wa yuu mpaka uambiwe.

## Kukarabati

Nyumba ni yangu. Kwa nini niombe ruhusa?

Kwa sababu iko ndani ya eneo lililotangazwa, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalilinda. Kazi ya kuangalia iko kwa ofisi ya uhifadhi ya Makavazi hapo mjini, na ramani za ujenzi hupita pia kwa serikali ya kaunti. Kupaka chokaa au kuziba tobo la paa ni matunzo. Kuongeza orofa, kupanua dirisha la njiani, kubomoa ukuta au kubadilisha paa ni ujenzi, na huo unahitaji idhini kabla ya fundi kushika sululu.

Watu hulalamika kwamba ofisi inachelewa, na wakati mwingine ni kweli. Hata hivyo nenda mapema na kwa miguu yako, na picha mkononi. Wale wa ofisini wengi wanaijua nyumba yako kuliko wewe, na ushauri wao hauna malipo.

Mbona mnapiga vita saruji? Si ndiyo imara?

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote, kwa hivyo nitalijibu kwa nyumba ya bibi yangu.

Ukuta wa chumba cha chini ulikuwa ukimwaga unga wa chokaa kila masika. Fundi mmoja akatuambia tatizo ni chokaa, imezeeka, tupige lipu ya saruji tupumzike. Tukapiga. Mwaka wa kwanza ukuta ulikuwa mzuri, umenyooka kama kioo. Mwaka wa tatu unyevu ukatokea juu ya ile lipu, mahali ambapo haukuwahi kufika. Mwaka wa tano kipande kikubwa kama meza kikaanguka chenyewe usiku. Fundi mwingine, mzee wa Langoni, alikuja akaweka dole gumba kwenye jiwe lililokuwa nyuma ya lipu, akasukuma. Dole likaingia. Jiwe lilikuwa limekuwa unga, jeupe na lenye chumvi ukilionja.

Sababu ni hii. Ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini, na maji ya kwetu yana chumvi. Lipu ya chokaa ina matundu madogo, hivyo maji hupanda kidogo, hutoka nje, hukauka. Chokaa humeguka, unaipaka upya, jiwe linabaki salama. Saruji imeziba. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, chumvi hukauka ndani ya jiwe na kulipasua, na unyevu ukifika kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani unaziozesha pale pasipoonekana. Kwa hivyo ule unga wa kila masika uliotukera ndio uliokuwa ukiuokoa ukuta.

Nyumba yangu imeshapigwa saruji zamani. Niibandue?

Taratibu. Saruji iliyoshika sana huondoka na jiwe, na unaweza kupoteza ukuta kwa siku moja ya bidii. Anza chini, sehemu ndogo, mahali palipokwisha kuachana na ukuta. Gonga kwa kifundo cha kidole, na ukisikia mlio wa tupu, hapo panabanduka bila ugomvi. Acha ukuta upumue msimu mzima wa kaskazi kabla ya kupiga lipu mpya ya chokaa. Palipo pagumu kabisa paache, ukaanze na paa.

Chokaa nzuri napata wapi, na nitaijuaje?

Chokaa ya kienyeji hutokana na matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu, magogo chini, mawe juu, kisha ikazimwa kwa maji. Kadiri ilivyolala shimoni ndivyo inavyokuwa laini. Ikiwa ina chembe ngumu zinazokwaruza ukiisugua kati ya vidole, haijaiva. Chembe hizo zitafutuka ukutani baadaye na kuacha vishimo kama vya ndui. Ya mifuko ya dukani ni sawa kwa kupaka. Kwa kusakifu, mafundi wazee bado wanataka ile ya shimoni.

Na chokaa haina haraka. Baada ya kupiga lipu, funika kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa. Fundi anayeiacha ikaukie juani anakuachia nyufa.

Boriti je? Kukata mikoko si marufuku?

Mikoko ni misitu ya serikali na hukatwa kwa leseni. Mwaka 2018 ukataji ulipigwa marufuku nchi nzima, na wakataji wa Lamu waliumia mpaka ruhusa iliporudi mwaka uliofuata. Siku hizi nunua kwa muuzaji mwenye karatasi. Miti huuzwa kwa unene: fito ni nyembamba, kisha pau, mazio, boriti, nguzo, mpaka banaa. Usikubali kuuziwa mazio kwa jina la boriti, kwani jamaa wa Nairobi wameshauziwa sana. Mti mbichi uache ukauke kivulini kabla ya kupandishwa.

Naweza kuweka tanki la maji juu ya paa?

Fanya hesabu kwanza. Tanki la lita 1,000 likijaa ni tani moja, na tani hiyo inakaa juu ya boriti za mikoko zilizowekwa na babu wa babu yako. Liweke juu ya ukuta mnene, si katikati ya chumba, au liweke chini utumie pampu. Paneli za sola ni nyepesi, hizo hazina neno mradi zisionekane njiani na zisitoboe sakafu ya paa.

Kwa nini kukarabati ni ghali namna hii?

Gari haliingii. Jiwe linatoka Manda kwa mashua, kutoka ufukoni linapanda kwa punda, na punda ana kipimo chake. Tangu 1987 kuna zahanati ya punda hapo pwani, na wenye punda wameelimika. Huwezi kumpakia kama zamani. Halafu waashi wanaojua kusakifu ni wachache. Anza na kazi ya paa, kisha mabomba na choo, kisha kuta. Nakshi ziwe za mwisho, ingawa najua kila mtu anataka kuanza nazo.

## Watu na mali

Nyumba ni ya mirathi, tuko warithi wengi. Tufanyeje?

Chukua mfano: mzee ameacha nyumba moja na watoto sita. Watoto nao wana watoto watano watano. Hapo ni watu thelathini wenye fungu, kila mmoja akingoja mwenzake atengeneze paa. Hakuna anayeiharibu, na nyumba inaanguka.

Zamani pia mambo yalikuwa na utaratibu wake. Baba alimjengea binti, au alimpa orofa ya juu siku ya ndoa, na mume akahamia kwa mkewe. Ndiyo maana nyumba nyingi mjini zinatajwa kwa majina ya wanawake, na ndiyo maana zimeungana. Siku hizi watu hungoja mtu afe ndipo waanze kuzungumza.

Tulichoona kikifanya kazi ni hiki. Nendeni kwa Kadhi mgawanye mafungu kwa karatasi, hata kama hamuuzi. Kisha chagueni mmoja anayekaa karibu awe msimamizi, mwandikishiane kwamba kodi ya nyumba inaingia kwanza kwenye paa, kinachobaki ndicho kinachogawiwa. Aliye Jeddah au Toronto anaweza kununua mafungu ya wenzake kidogo kidogo. Ugomvi ukishaingia, rudi kwa Kadhi kabla ya mvua, si baada.

Nyumba ya wakfu inaweza kuuzwa?

Hapana. Imekwisha kutolewa kwa Mwenyezi Mungu, faida yake ndiyo inayotumika, iwe kwa msikiti, madrasa au kizazi. Inaweza kupangishwa na lazima itunzwe. Ukiona wakfu inageuka gofu, zungumza na msimamizi wake, na akikaa kimya iko Tume ya Wakfu.

Mgeni asiye Mkenya anaweza kununua?

Kwa Katiba ya 2010, asiye raia hawezi kumiliki ardhi milele. Hupewa haki ya kukodi isiyozidi miaka 99. Na achunguze warithi wote wametia saini. Tazama swali la mirathi, na uhesabu wale thelathini mmoja mmoja.

Je, wageni wameuokoa mji au wameuharibu?

Vyote viwili. Kuna magofu Mkomani na Shela yaliyosimama tena kwa pesa za Wazungu, na mafundi wetu wakalisha watoto kwa kazi hiyo na kujifunza upya ufundi uliokuwa unapotea. Lakini ukipita usiku wa mwezi wa tano utahesabu milango iliyofungwa kwa kufuli, taa hakuna, mwenyewe atakuja Desemba. Daka bila mtu wa kukaa barazani ni mawe tu. Mimi nikipewa kuchagua, afadhali familia yenye watoto wanaochora ukutani kwa makaa.

Tamasha zinasaidia kitu?

Tamasha la Utamaduni wa Lamu, pamoja na mashindano ya mashua, mbio za punda, bao na hina, huleta wageni na pesa za siku chache. Vyumba hujaa, mafundi wa nakshi huuza. Kwa nyumba zenyewe, Maulidi ya msikiti wa Riyadha yanafanya kazi kubwa zaidi bila kutangazwa. Ikikaribia Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, kwetu ndipo nyumba inapopakwa chokaa, kwa sababu jamaa wa Siyu, Faza na Mombasa watalala hapo, na hakuna anayetaka kusemwa.

## Mambo ya pembeni

Wikio ni la nani?

Wikio ni kile chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Wanawake walitembeleana kupitia humo bila kushuka njiani. Mara nyingi ni la nyumba ambayo mlango wake unaingia humo, lakini limeegemea ukuta wa jirani, kwa hivyo huwezi kubadilisha boriti bila yeye. Ongea kwanza, andika pili, jenga tatu. Njia iliyo chini si yako wala yake.

Kuna ufa ukutani. Nihame?

Nyufa nyingi ni za zamani kuliko wewe. Bandika kipande chembamba cha kioo kuvuka ufa, ncha zote kwa chokaa, uandike tarehe kwa penseli. Kikipasuka ndani ya miezi michache, ukuta unatembea. Ita ofisi ya uhifadhi. Kikibaki kizima, ziba kwa chokaa. Ila kama kuna mche wa mkuyu umechipuka kwenye ufa, ung'oe leo, ukiwa bado unang'oka kwa mkono.

Nimepewa bei nzuri ya mlango wa nakshi. Niuze?

Kuupeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa kisheria. Kuuza humu humu nchini bado unaiacha nyumba uchi. Wachongaji wapo mjini. Mwonyeshe mnunuzi karakana, aagize mpya, na kijana fulani apate kazi ya miezi miwili.

Nimechimba choo nikapata vigae vya zamani.

Simamisha kazi hapo hapo, usivioshe, vipige picha vilipo, uite Makavazi. Hawachukui nyumba yako. Uvumi huo umefanya vitu vingi vitupwe baharini.

Bandari mpya ya Magogoni inahusu nini na nyumba yangu?

Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, upande wa bara. Haigusi ukuta wako moja kwa moja, lakini watu wakiongezeka, kodi hupanda, na mtu hushawishika kuongeza orofa ya matofali juu ya ukuta wa matumbawe. UNESCO imekuwa ikiihoji serikali juu ya athari zake kwa mji. Wewe jihadhari na hiyo orofa.

Malindi nako mnahifadhi?

Malindi iko chini ya Makavazi vilevile, na watu huijua kwa nguzo ya Vasco da Gama na kanisa dogo la Wareno, pamoja na Nyumba ya Nguzo iliyogeuzwa makumbusho. Nyumba za mawe za kuishi zimebaki chache kuliko huku. Yaliyosemwa juu ya saruji na chumvi yanaihusu pia.

Sina pesa kabisa. Kuna la kufanya bila senti?

Lipo. Kabla ya masika panda juu ya paa na fagio. Toa majani, toa mchanga, toa kiota cha kunguru, na uangalie mlizamu, ule mfereji mdogo unaotema maji nje ya ukuta. Mwaga ndoo moja ya maji kisha shuka haraka ukasimame msana wa yuu utazame boriti. Pakidondoka, weka alama kwa makaa. Mwashi akija, hata mwakani, utamwonyesha mahali badala ya kumlipa siku mbili akitafuta. Na ile milizamu ya nyumba ya jirani aliye ng'ambo, kama paa zenu zimeungana, fagia pia. Maji yake yanashukia kwako.